Fuwele Inayosogea: Vifaa vya Piezoelektriki na Kazi ya Kuweka Vitu Vidogo Sana Mahali Pake

Utangulizi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ambako ndiko iliko Kiruruma, vilima vya migomba na mibuni vimekaa juu ya miamba ya kale sana. Miamba hiyo ina madini ya bati, na wachimbaji wadogo wa Kyerwa wanaijua vyema dalili yake: mshipa wa jiwe jeupe na gumu, linalometameta likivunjwa, uliopenya katikati ya mwamba mwingine. Jiwe hilo jeupe ni kwatzi. Mchimbaji hulivunja, huokota punje nzito za bati, kisha hulitupa lenyewe pembeni kuwa taka.

Kwatzi hiyo inayotupwa ni miongoni mwa fuwele za kwanza ambazo wanasayansi walizigundua kuwa na tabia ya ajabu: zikigandamizwa, hutoa umeme, na zikitiwa umeme, hubadilika umbo. Badiliko hilo la umbo ni dogo mno, wala jicho haliwezi kuliona. Lakini kwa sababu ya udogo wake huo, limekuwa chombo cha thamani kubwa katika tiba. Mata ya jamii hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito anapopimwa kwa ultrasaundi, na ndiyo inayosogeza ncha ya hadubini inayochunguza uso wa seli ya damu iliyoingiliwa na kimelea cha malaria.

Somo hili linaeleza jinsi fuwele inavyoweza kusogeza kitu kwa umbali mdogo kuliko upana wa kirusi, kasoro zake ni zipi, na kasoro hizo hurekebishwaje. Msomaji atakapolimaliza, atarajie kuwa na uwezo wa mambo manne:

1. Kueleza tofauti ya tabia mbili za piezoelektriki, ile ya mgandamizo kuzaa umeme na ile ya umeme kuzaa mwendo.
2. Kukokotoa mwendo wa kisogezi cha tabaka nyingi.
3. Kutaja sababu zinazofanya fuwele isifike hasa pale ilipoamriwa kufika.
4. Kueleza kwa nini jambo hilo lina uzito katika utafiti wa maradhi na katika huduma ya mama mjamzito.

Vipimo vya kukumbuka

Kabla ya kuendelea ni vema vipimo vieleweke. Milimita moja ikigawanywa mara elfu, kila sehemu huitwa mikromita. Mikromita moja ikigawanywa mara elfu, kila sehemu huitwa nanomita. Kwa hiyo, milimita moja ina nanomita milioni moja.

Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Yai la mwanamke lina upana wa zaidi kidogo ya mikromita 100, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita 100 na kidogo. Uzi wa DNA una upana wa nanomita 2 tu. Mkono wa fundi hodari huweza kufanya kazi katika kiwango cha unywele. Chini ya hapo, mtetemo wa mkono wenyewe ni mkubwa kuliko kitu kinachoshikwa, na hapo ndipo fuwele huanza kazi yake.

Asili ya elimu hii

Mwaka 1880, huko Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina kadhaa, ikiwamo kwatzi, hutoa chaji ya umeme juu ya nyuso zake zinapobanwa. Tabia hiyo ikapewa jina la piezoelektriki, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubana. Mwaka uliofuata, 1881, mwanafizikia Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake nacho lazima kiwe kweli: fuwele ikitiwa umeme, itajinyoosha au itajikunja. Ndugu hao wakafanya jaribio na kuthibitisha hivyo mwaka huohuo.

Kwa watu wa tiba, ugunduzi huo una historia nyingine ndani yake. Marie Curie, mke wa Pierre, alipotaka kupima umeme hafifu uliosababishwa na mionzi ya urani, alitumia kifaa chenye kipande cha kwatzi ambacho, kikivutwa kwa uzani uliojulikana, kilitoa chaji iliyojulikana. Kwa kipimo hicho alitambua kwamba baadhi ya mawe yalikuwa na mionzi mikali kuliko urani iliyokuwamo, na mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza elementi mbili mpya, poloni na radi. Matibabu ya saratani kwa mionzi yana mizizi yake katika kazi hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kwatzi ya Kyerwa yaweza kuchukuliwa machimboni na kutiwa katika mashine. Kwatzi ya mishipa kwa kawaida ina nyufa na uchafu, na viwanda hukuza fuwele safi za kwatzi kwa joto na shinikizo kubwa. Kwa mchimbaji, linalohusu afya yake moja kwa moja ni vumbi. Vumbi laini la kwatzi likivutwa kwa miaka mingi hutia makovu mapafuni, na maradhi hayo, yaitwayo silikosisi, humwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu. Kulowesha mwamba kwa maji wakati wa kuupasua na kuuchoronga hupunguza vumbi hilo.

Jinsi fuwele inavyosogea

Fuwele ni mata ambayo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Katika kwatzi, baadhi ya atomi zina chaji chanya na nyingine zina chaji hasi, nazo zimepangika kwa namna ambayo chaji hizo husawazishana. Fuwele ikibanwa, atomi husukumwa kidogo kutoka mahali pake, usawa ule huvurugika, na upande mmoja hupata chaji chanya na wa pili hasi. Hii ndiyo tabia ya kwanza. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza huitumia: nyundo ndogo iliyomo ndani hupiga kipande cha fuwele, zikazaliwa volti elfu kadhaa kwa kitambo kidogo sana, na cheche ikaruka.

Tabia ya pili ni kinyume chake. Elektrodi mbili zikibandikwa juu ya nyuso mbili za fuwele na kutiwa volteji, chaji chanya huvutwa upande mmoja na chaji hasi upande wa pili, nayo fuwele yote hurefuka au hufupika. Kwa kwatzi mwendo huu ni mdogo mno: volti moja huleta mwendo wa kama nanomita 0.002 tu. Ndiyo maana kwatzi imefaa zaidi kutunza wakati katika saa, ambamo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kuliko kusogeza vitu.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950, wataalamu wa Japani na Marekani walipochunguza kauri inayotengenezwa kwa oksidi za risasi, zirkoni na titani. Kauri hiyo, ambayo kwa ufupi huitwa PZT, huchomwa katika tanuri, kisha hutiwa umeme mkali ili sehemu zake ndogondogo zielekee upande mmoja. Ikishapangwa hivyo, volti moja huweza kuleta mwendo wa nanomita 0.5 hivi, yaani zaidi ya mara mia mbili ya kwatzi.

Hata hivyo, nusu ya nanomita kwa volti moja bado ni haba. Tuseme kipande kimoja cha PZT chenye urefu wa milimita 20 kinatakiwa kirefuke kwa mikromita 10, yaani upana unaozidi kidogo ule wa seli nyekundu ya damu. Kingehitaji volti 20,000, nazo ni hatari kwa mtumiaji na kwa mashine. Mafundi walilitatua jambo hili kwa kupanga tabaka nyembamba. Hesabu yake ni hii:

Kila tabaka lina unene wa milimita 0.1, na tabaka 200 zikipangwa moja juu ya nyingine hufanya urefu uleule wa milimita 20. Kila tabaka lina elektrodi zake na hutiwa volti 100. Tabaka moja hurefuka kwa nanomita 0.5 mara 100, yaani nanomita 50. Tabaka zote 200 zikirefuka pamoja, jumla huwa nanomita 10,000, nazo ni mikromita 10.

Haba na haba hujaza kibaba: mwendo uleule uliohitaji volti 20,000 sasa unapatikana kwa volti 100. Tena, kisogezi hicho kikipandishiwa sehemu moja tu ya mia ya volti, mwendo wake ni nanomita 1, nusu ya upana wa uzi wa DNA.

Kwa nini si parafujo na gia

Msomaji huenda akauliza kwa nini kazi hii isifanywe kwa parafujo nyembamba na gia, kama zilizomo katika hadubini za kawaida za maabara za zahanati. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni msuguano: vyuma viwili vinavyogusana hukwama kwanza, kisha huteleza kwa ghafla, na kuruka huko kwaweza kuwa kwa mamia ya nanomita. Ya pili ni ulegevu wa meno: gia ikigeuzwa upande wa pili, huzunguka kidogo bila kusogeza chochote mpaka meno yagusane tena.

Fuwele haina meno wala haitelezi. Mwendo wake hutoka ndani ya mata yenyewe. Ili ubora huo usipotezwe na vyuma vinavyoizunguka, jukwaa linalobeba kitu hutengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma kilichokatwa mahali fulani kikawa chembamba, kiweze kujikunja kidogo kama utepe. Viungo hivyo vinyumbufu hufanya kazi ya bawaba, lakini havina msuguano na havihitaji mafuta. Vikipangwa kama wenzo, huweza pia kuukuza mwendo wa fuwele mara kadhaa.

Kasoro za fuwele

Kufikia hapa yaweza kuonekana kwamba jambo limekwisha: toa volti kadhaa, pata nanomita kadhaa. Mambo hayako hivyo, na hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Fuwele hutii amri, lakini haifiki hasa pale ilipoamriwa. Sababu kuu ni tatu.

Kwanza ni kubaki nyuma, ambako wataalamu hukuita histeresisi. Kisogezi kikipandishiwa volti kutoka sifuri hadi 50, hufika mahali fulani. Kikipelekwa hadi 100 kisha kurudishwa kwenye 50 ileile, hakirudi mahali palepale. Sehemu ndogondogo ndani ya kauri zilizogeuka wakati wa kupanda hazigeuki zote wakati wa kushuka. Tofauti hiyo yaweza kufikia asilimia 10 hadi 15 ya mwendo wote. Kwa kisogezi chetu cha mikromita 10, asilimia 15 ni mikromita 1.5, yaani nanomita 1,500.

Pili ni mtambao. Volti ikiachwa bila kubadilishwa, fuwele huendelea kusogea polepole kwa asilimia chache zaidi, haraka mwanzoni na taratibu baadaye. Anayelalia godoro la sponji anaijua tabia ya namna hii: godoro hubonyea mara moja, kisha huendelea kuzama kidogokidogo, na mtu akiondoka halinyanyuki lote papo hapo.

Tatu ni joto. Kipande cha chuma cha kawaida chenye urefu wa milimita 20 hurefuka kwa nanomita 240 hivi joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Katika nyanda za juu kama za Karagwe, ambako asubuhi huwa na baridi na mchana huwa na jua kali, chumba kisichodhibitiwa joto huweza kuusogeza mtambo wote hata kama hakuna aliyeugusa.

Dawa ya kasoro hizi haikupatikana kwa kuitafuta fuwele isiyo na kosa. Ilipatikana kwa kuweka shahidi. Pembeni mwa jukwaa hufungwa kihisi, kwa mfano mabamba mawili ya chuma yanayotazamana bila kugusana. Nafasi kati yake ikibadilika, uwezo wake wa kuhifadhi chaji hubadilika pia, na badiliko hilo hupimika hata likitokana na mwendo ulio chini ya nanomita moja. Kidhibiti husoma kihisi, hulinganisha mahali jukwaa lilipo na mahali lilipotakiwa kuwa, kisha huongeza au hupunguza volti. Hufanya hivyo tena na tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Huu ndio mrejesho.

Ipo tofauti kubwa, basi, kati ya mashine isiyo na mrejesho na iliyo nao. Ya kwanza huandika katika daftari lake ilichoamuru. Ya pili huandika kilichotokea.

Hadubini inayopapasa na kimelea cha malaria

Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM karibu na Zürich, Uswisi, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walitengeneza hadubini isiyotumia mwanga wala lenzi. Ncha kali ya chuma ilisogezwa na fuwele za piezoelektriki juu ya uso wa kitu, karibu nao sana bila kuugusa, na kwa kupima umeme mdogo uliovuka nafasi hiyo, atomi mojamoja zikaonekana. Wawili hao walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1986. Mwaka huohuo Binnig, pamoja na Calvin Quate na Christoph Gerber, walitangaza hadubini ya nguvu za atomi, ambayo huweza kuchunguza hata vitu visivyopitisha umeme, zikiwamo seli. Ncha yake hupapasa uso wa seli mstari kwa mstari, mfano wa kidole cha asiyeona kikisoma maandishi ya nukta, na fuwele ndizo zinazoiongoza.

Faida yake kwa Afrika Mashariki ilionekana katika malaria. Kimelea cha Plasmodium falciparum kikishaingia ndani ya seli nyekundu, hujenga juu ya uso wa seli hiyo vinundu vingi, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita 100 hivi au pungufu. Juu ya vinundu hivyo kimelea huweka protini inayonata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Kwa kunata huko, seli iliyoambukizwa hukwepa kupita katika bandama, ambako ingeharibiwa. Mishipa ya ubongo ikizibwa, mgonjwa hupata malaria ya ubongo. Kondo la nyuma likijaa seli hizo, mtoto aliye tumboni hudhoofika na huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Sasa yakumbukwe mambo ambayo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliyachapisha mwaka 1954. Baada ya kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wenye kurithi jeni moja ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja wanapata kinga fulani dhidi ya malaria, na kwamba jeni hiyo imeenea zaidi pale malaria inapoenea. Namna kinga hiyo inavyofanya kazi ilibaki kuwa swali kwa miongo mingi. Mwaka 2005 watafiti waliotumia hadubini ya nguvu za atomi walichunguza seli zilizoambukizwa zenye hemoglobini ya aina ya C, ambayo pia ni ya kurithi, nayo inapatikana zaidi Afrika Magharibi. Waliona kwamba vinundu vyake vilikuwa vichache na vikubwa kuliko vya seli za kawaida. Mwaka 2008 ikaonyeshwa kwamba hata seli za wenye jeni moja ya selimundu, zikiambukizwa, hunata kwa udhaifu. Kwa hiyo, sehemu ya kinga hiyo yaonekana iko katika mpangilio wa vinundu vyenyewe.

Hapa kasoro za fuwele zinakuwa jambo la mgonjwa. Kauli ya kwamba vinundu ni “vichache na vikubwa” ni kauli ya vipimo. Fuwele inayobaki nyuma kwa nanomita 1,500 imekosea kwa upana wa vinundu 15 vilivyopangwa safu moja. Picha yake yaweza kuvutwa upande mmoja na kubanwa upande wa pili, vinundu vikaonekana vikubwa hapa na vidogo pale, na mtafiti akadhani ameona tabia ya ugonjwa kumbe ameona tabia ya mashine. Kwa sababu hiyo, hadubini hizi hukaguliwa kwa vipande vyenye mifereji ambayo umbali wake unajulikana, na seli zenye maradhi hulinganishwa na seli nzima zilizopigwa picha kwa mashine ileile.

Kushika yai bila kulipasua

Mfano wa pili unahusu wenza wanaotafuta mtoto. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kuingiza mbegu moja ya kiume moja kwa moja ndani ya yai kwa sindano nyembamba ya kioo. Njia hiyo iliwasaidia wanaume wenye mbegu chache sana. Lakini ilipojaribiwa kwa mayai ya panya, mengi yalipasuka, kwa kuwa sindano iliyosukumwa kwa mkono huvuta na kunyoosha utando wa yai kabla ya kuutoboa.

Mwaka 1995 Yasuyuki Kimura na Ryuzo Yanagimachi walieleza namna ya kufunga kifaa cha piezoelektriki kwenye sindano hiyo. Badala ya kusukuma, fuwele huipa sindano mapigo mafupi sana na ya haraka. Utando hutobolewa kabla haujapata nafasi ya kunyooka, na mayai mengi zaidi hubaki salama. Njia hiyo imeingia pia katika baadhi ya maabara za uzazi wa binadamu. Nairobi ilishuhudia watoto wake wa kwanza waliotungwa mimba nje ya mwili mwaka 2006, na tangu hapo huduma za aina hiyo zimezidi kuenea Afrika Mashariki, ingawa gharama yake bado iko mbali na uwezo wa familia nyingi za wakulima.

Fuwele iliyo karibu zaidi na Kiruruma

Mama wa Kiruruma huenda asiione kamwe hadubini ya nguvu za atomi. Lakini atakapopelekwa hospitalini, kama vile Nyakahanga iliyoko Karagwe au Isingiro iliyoko Kyerwa, na akapimwa kwa ultrasaundi, fuwele hizi zitafanya kazi juu ya tumbo lake. Kichwa cha kifaa kile, ambacho mafundi hukiita probu, kina vipande vidogo vingi vya kauri ya piezoelektriki. Kila kimoja hutiwa umeme kikatetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde na kutoa sauti isiyosikika. Sauti hugonga viungo vya mtoto na kurudi. Vipande vilevile hugandamizwa nayo na kutoa umeme. Tabia zote mbili za fuwele zinatumika katika chombo kimoja.

Mashine hupima muda wa mwangwi na kuugeuza kuwa umbali, kwa kukadiria kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde ndani ya nyama za mwili. Kutokana na umbali huo hupatikana urefu wa mtoto, na kutokana na urefu hukadiriwa umri wa mimba. Katika wiki za mwanzo kijusi hurefuka kwa kama milimita 1 kwa siku, hivyo kosa la milimita 3 ni kosa la siku 3 hivi. Katika miezi mitatu ya kwanza makadirio huweza kukosea kwa siku 5 hadi 7. Katika miezi mitatu ya mwisho, watoto wanapokuwa wametofautiana sana kwa ukubwa, kosa huweza kufikia wiki 3 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki 24.

Umuhimu wake hauko katika tarehe peke yake. Uchungu ukianza mapema, mhudumu lazima ajue kama mtoto ana wiki 33 au 37, kwa kuwa maamuzi ya dawa za kukomaza mapafu na ya rufaa ya kwenda mbali hutegemea jibu hilo. Mama aliyepimwa mapema ana jibu. Aliyepimwa mara ya kwanza mwezi wa nane ana makisio tu, hata kama mashine ni mpya na mpimaji ni hodari.

Mpimaji naye ana mrejesho wake: hupima urefu uleule zaidi ya mara moja na kuangalia kama majibu yanakubaliana, kisha huulinganisha na tarehe ya hedhi ya mwisho aliyoitaja mama. Mojawapo likipingana na lingine, hatafuti lililo rahisi kuandika. Hurudia kupima.

Utunzaji wa vifaa vya piezoelektriki

Kauri hii ni ngumu lakini huvunjika kama kigae. Probu ikianguka sakafuni, vipande kadhaa huweza kupasuka, na picha ikawa na mistari myeusi isiyohama. Mistari hiyo ikionekana, fundi aitwe. Isichukuliwe kuwa kivuli cha mfupa. Joto kali huvuruga mpangilio uliotiwa kiwandani, kwa hiyo probu ya kawaida haitiwi katika mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu bali husafishwa kwa dawa iliyoelekezwa na mtengenezaji. Unyevunyevu hupenya taratibu kwenye tabaka za visogezi na kufupisha maisha yake. Nyaya zisikunjwe kwa nguvu, na jeli ifutwe kila kazi inapokwisha.

Hitimisho

Fuwele ya piezoelektriki imempa binadamu mkono ulio mwepesi kuliko mkono wake. Imetoboa yai bila kulipasua, imepapasa vinundu vya kimelea cha malaria, na imempima mtoto kabla hajazaliwa. Lakini haikuyaweza hayo kwa kuaminiwa tu. Iliyaweza pale ilipofungiwa kihisi cha kuuliza kila mara: je, umefika kweli? Swali hilo hilo lamfaa mpimaji mwenye probu mkononi, na lamfaa mtafiti anayetazama picha yake. Mama wa Kiruruma anayefika kliniki kabla ya wiki 24 naye huwapa wahudumu kipimo cha mapema, ambacho vipimo vyote vitakavyofuata vitalinganishwa nacho.

Maswali ya kujipima

1. Eleza jinsi probu ya ultrasaundi inavyotumia tabia zote mbili za piezoelektriki.
2. Kisogezi kina tabaka 300, na kila tabaka hurefuka kwa nanomita 50 likitiwa volti 100. Mwendo wake wote ni mikromita ngapi?
3. Ikiwa kisogezi hicho kina histeresisi ya asilimia 10, kosa lake ni sawa na upana wa vinundu vingapi vya nanomita 100?
4. Taja sababu mbili zinazofanya parafujo na gia zisifae kwa kazi ya nanomita.
5. Kwa nini kipimo cha ultrasaundi cha mwezi wa pili hutoa umri wa mimba kwa usahihi kuliko cha mwezi wa nane, hata mashine ikiwa ileile?